Nywele Zisizomjua Osundwa

Kitendawili kilichomvunja Rosebella kilitegwa na mume wake mwenyewe, mbele ya wakata miwa, siku ambayo trela la kiwanda lilikwama kwenye tope pale mtoni na watu wote wakakaa kungoja trekta nyingine ije kulivuta. Osundwa alikuwa ameshiba, na mfukoni mwake mlikuwa na simu mpya. Mwanamume wa namna hiyo akikaa bure, lazima atafute wa kumcheka.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Uso usiokuwa na mwisho."

Wakata miwa wakatazamana. Mmoja akasema ni barabara ya Webuye. Mwingine akasema ni mbingu. Osundwa akakataa yote, akadai mji. Wakampa Malava, akasema Malava ni padogo, wampe Kakamega yote. Walipompa akaenda huko kwa maneno, akala nyama, akalala hotelini, akarudi, kisha akanyoosha kidole kwa mkewe aliyekuwa anashuka na birika la chai.

"Mama Selpher. Uso wake unaanzia kwenye kidevu, lakini mahali unaishia hata kinyozi hajui."

Walicheka hadi mmoja akashikilia mbavu. Rosebella aliwamiminia chai wote, akamimina na ya mume wake, na hakumwaga hata tone. Kisha akabeba birika tupu, akapanda kurudi nyumbani.

Ni kweli nywele zilikuwa zimemtoka. Zilianza kutoka kwenye paji la uso, zikarudi nyuma kidogo kidogo kama watu wanaofukuzwa kwenye shamba la wenyewe, na pande zote mbili juu ya masikio zikaisha kabisa. Lakini zilikwenda wapi hizo nywele, kama si kwenye hiyo hiyo miwa? Tangu aolewe, mbegu za miwa zilitoka kitaluni hadi shambani juu ya kichwa chake. Maji juu ya kichwa, kuni juu ya kichwa, ngata ikisaga mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Na kila Jumamosi jirani alimsuka kwa ajili ya kanisa, mistari imekazwa mpaka macho yanapanda juu. Osundwa aliiona miwa ikiwa imesimama. Namna ilivyofika pale hakuwahi kuuliza.

Hiyo ilikuwa miaka ya sukari. Kiwanda kimoja kilipofungua milango, kingine kikafuata, na vyote vikagombania miwa kama watoto wanavyogombania ukoko wa ugali. Watu waling'oa mahindi, wakang'oa migomba, wakapanda miwa mpaka mlangoni. Ukifungua dirisha asubuhi, jani la muwa linaingia ndani kukusalimia. Wanaume waliokuwa wanatembea kwa miguu wakanunua pikipiki, na wale waliokuwa na nyumba moja wakaanza kuiona ni ndogo.

Osundwa aliiona yake ndogo sana. Alikodi nyumba Shirere, pale wanapokaa wanafunzi na wafanyakazi wa mjini, nyumba ya stima na maji ya bomba ndani, akamweka humo msichana anayeitwa Nanjala. Nanjala alikuwa na nywele. Watu waliokwenda mjini walirudi na habari ya hizo nywele kabla hawajataja hata jina la mwenyewe. Nyeusi, laini, zimemwagika mabegani kama maji. Osundwa akabeba viatu vyake na redio, akasema anakwenda kuwa karibu na ofisi za kiwanda. Tangu siku hiyo alirudi kijijini wakati wa mavuno tu. Husimama barabarani, huongea na dereva wa trela, hupanda pikipiki akaenda. Kikombe cha maji cha Rosebella hakukinywa tena.

*

Selpher, binti yao wa pekee, alikuwa anauza katika duka la vipodozi Kakamega mjini. Jumapili moja alikuja na kichupa kidogo cha kioo chenye kidondoshi cha mpira juu, akakiweka mezani kando ya obusuma, ule ugali wa mchana. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa ya bluu, bluu ya kupendeza, kama kipande cha sare ya shule kimeyeyuka.

Rosebella alikigeuza kwenye mwanga. "Hii si mrututu? Ile tunawekeanga ng'ombe kwato zikioza?"

"Si mrututu, Mama. Ukipaka mrututu kichwani utachubuka mpaka mfupa."

"Sasa mbona rangi ni moja?"

"Kwa sababu zote ziko na shaba. Lakini hii shaba ni kidogo sana, na imeshikwa na kipande cha protini ili isichome. Inaitwa peptaidi ya shaba. Hata kwenye damu yako iko, ila mtu akizeeka inapungua."

"Kwa hiyo mimi nimeishiwa na shaba."

"Mama."

"Nauliza tu. Hawa wengine wananiambia nimeishiwa na pesa, wewe unasema ni shaba. Heri ya kwako."

Selpher alicheka, akazunguka nyuma ya kiti cha mama yake, akamfungua kitambaa bila kuomba ruhusa. Alieleza huku akidondosha yale maji mahali palipokuwa wazi. Ngozi iliyochoka inaambiwa ijitengeneze upya. Wengine wanapaka usoni, wengine kwenye makovu, wengine kichwani.

"Na wote wanapona?"

"Wote wanalipa," Selpher akasema. "Kupona si wote."

"Angalau wewe husemi uongo kama wenye duka."

"Lakini kuna masharti. Usisukwe tena ya kukaza. Na usibebe kitu kwa kichwa."

"Maji nitabeba na nini, na meno?"

"Nimeongea na Jescah wa kule chini, atakukodishia mkokoteni."

Basi Rosebella akaanza kusukuma mkokoteni, na wanawake kisimani wakamwita Mama Mkokoteni, na yeye akawajibu kwamba ni gari, tena ni lake. Kila jioni alijifungia chumbani, akadondosha ile bluu, akasugua taratibu kwa ncha za vidole. Kama iliyofanya kazi ni shaba au ni kule kupumzisha kichwa, hakuna aliyeweza kumwambia, na Selpher mwenyewe alikiri hajui. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Halafu siku moja, akipitisha kiganja kwenye paji la uso, akahisi kitu kinachokwaruza, kama kidevu cha mwanamume asiyenyoa ndevu. Alikaa kitandani. Akapitisha tena. Akaogopa kuangalia kwenye kioo.

Ziliota. Hazikuota kila mahali, na mbele zilikuwa nyembamba, lakini ziliota, zikakua, zikaungana na zile za nyuma, na miwa ilipokatwa mara moja na kuchipua tena, Rosebella alikuwa na kichwa kizima cha nywele nyeusi zenye mvi mbili tatu. Na juu yake kitambaa, kimefungwa kila siku.

"Fungua basi watu waone," Selpher akamwambia.

"Bado."

"Bado nini? Unangoja nani?"

Rosebella akakaza fundo la kitambaa. Lakini binti hakuwa mjinga. Aliangalia kile kiti cha mbao cha baba yake, kilichokuwa bado kinapanguswa vumbi kila asubuhi.

Maana Rosebella alikuwa amekwisha kuipanga siku yenyewe. Osundwa ataingia, kwa sababu ya mvua au njaa au pikipiki kuharibika, chochote. Ataketi kwenye kile kiti. Ataomba maji. Na yeye atayaleta akiwa kichwa wazi, atainama kumpa, na hatasema neno. Hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka tu kuona uso wa yule mtu wakati anatafuta la kusema na halipati. Alikuwa ameifanyia mazoezi hiyo hatua ya kutoka jikoni hadi kwenye kiti, akijua aweke mguu gani mbele.

Osundwa alirudi, lakini alikuja kwenye jeneza. Presha ilimwangusha mjini akiwa anavaa viatu, na kabla hawajafika hospitali alikuwa amekwisha kukata roho.

*

Katika ukoo wa kina Osundwa, baada ya mazishi watu wa nyumba hunyolewa. Wapo wanaofanya hivyo sehemu nyingi za huko, lakini kina Osundwa wana namna yao. Mjane hukalishwa kwenye mkeka mbele ya mlango wake. Dada wa marehemu hushika wembe, na kabla hajaugusa utosi huuliza kwa sauti, ili wazee walioketi waisikie, "Hii nywele ililala na nani?" Mjane hujibu, "Ililala na marehemu." Hapo hunyolewa, nywele zile zikaondoka na kifo kilichozigusa, na wazee wakatangaza kwamba huyu ni mke, nyumba ni yake na shamba alilokuwa akilima ni lake. Mke mkubwa hutangulia. Hakuna mwingine anayeweza kunyolewa kabla yake.

Mwenye wembe siku hiyo alikuwa Musimbi, dada yake Osundwa, mwanamke mnene mwenye mkono mwepesi na mdomo usiofungwa. Aliyeketi mbele ya wazee alikuwa Andati, kaka mkubwa wa marehemu. Andati alikuwa na kofia magotini, na macho yake yalikuwa yanapita juu ya vichwa vya watu kwenda kule mtoni, mahali miwa ya Rosebella ilikuwa imefikia kukatwa, imesimama kama msitu. Ile miwa ilikuwa imeandikishwa kiwandani kwa jina la Osundwa. Kila mtu alijua nani aliipanda, na kila mtu alijua pia kwamba kujua hakusaidii.

Nanjala alikuwa ameketi nyuma, kwenye kivuli cha paa, zile nywele zake zimemwagika mabegani juu ya gauni jeusi. Watoto walikuwa wanamzunguka kumwangalia.

Rosebella akaketi mkekani. Musimbi akamfungua kitambaa.

Musimbi alibaki ameshika kitambaa mkono mmoja na wembe mkono mwingine.

"Ee mulamwa," akasema, kama wanavyoitana mawifi na mashemeji huko kwao, "hiki kichwa umeazima wapi?"

"Ni changu."

"Chako nakijua. Nilikuwa nakionanga kutoka barabarani kikimulika."

"Basi hiki ndicho. Kimezima taa."

Watu wakacheka, hata wazee, na Musimbi akapitisha vidole kwenye zile nywele kana kwamba anapima nguo ya kununua. Zilikuwa laini. Akazinusa. Kisha akakumbuka kazi iliyomleta, akasafisha koo.

"Hii nywele ililala na nani?"

Rosebella alifungua kinywa kutoa lile jibu. Alikuwa amelisikia kwa wajane wengine, ni maneno matatu, hayana ugumu. Lakini yalipofika kwenye ulimi, akaviona vile vidole vyake jioni baada ya jioni, na mlango umefungwa, na kile kiti.

"Ililala na kitambaa," akasema.

"Wee. Usicheze."

"Sichezi, Musimbi. Nywele zilizolala na kaka yako zilikwisha. Alizicheka mpaka zikaisha. Hizi ziliota akiwa amekwisha kwenda. Hazimjui. Hata sauti yake hazijaisikia. Sasa nizitoe za nini?"

Musimbi akaangalia wazee. Mama mmoja wa kanisa akajongea mbele akamwambia Rosebella kwa upole kwamba nywele ni majani tu, zitaota tena. Rosebella akamwuliza yeye zake zilinyolewa lini, na yule mama, ambaye alikuwa na msuko mkubwa chini ya kofia, akarudi mahali pake.

Andati hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa kuongea kama anayekupa kiti.

"Mulamwa, hakuna anayekulazimisha. Wembe si panga. Lakini tusaidie sisi wazee tuelewe. Unasema hii nywele haikulala na Osundwa."

"Ndiyo."

"Na iko kwenye kichwa chako."

"Ndiyo."

"Basi na wewe hukulala na Osundwa. Tangu lini? Tangu hizi zianze kuota?"

Rosebella alitazama wembe mkononi mwa Musimbi.

"Mtu ambaye hakulala na mume, sisi tunamwitaje? Mimi sijui. Labda ni jirani. Jirani mzuri. Na ile miwa ya pale chini, iliyopandwa akiwa jirani, tunaandika ni ya nani?" Akageuza kofia upande wa pili. "Sisemi ni yangu. Nauliza tu kama mtu aliyesoma kidogo."

Upepo ulikuwa unatoka mtoni na ile harufu tamu ya miwa iliyokomaa. Selpher alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, mikono kifuani, akimwangalia mama yake na kutikisa kichwa, lakini kama alikuwa anamwambia asikubali au asikatae, haikujulikana. Labda na yeye hakujua. Pale mkekani Rosebella aliona wazi kama mtu anayeangalia chini ya maji yaliyotulia. Akisema ukweli, atatoka hapa na nywele zake na mkokoteni wa Jescah. Akisema uongo, miwa itabaki, na nyumba, na mahali pa Selpher kurudi mji ukimchosha. Lakini uongo wenyewe ni wa namna gani! Aseme mbele ya ukoo mzima kwamba yule mtu alikuwa anakuja. Kwamba hakuachwa. Amnyooshee Osundwa jina lake kaburini, lile alilolipinda mwenyewe.

Na nyuma pale aliketi mtu mmoja aliyejua usiku wote Osundwa alilala wapi. Rosebella aligeuka akamtazama. Nanjala alikuwa ameinamisha macho, anavuta uzi kwenye upindo wa gauni.

"Uliza tena," Rosebella akamwambia Musimbi.

"Hii nywele ililala na nani?"

"Ililala na marehemu."

"Sema wazee wasikie."

"Ililala na marehemu. Alikuwa anakuja."

Wazee wakaitikia kwa pamoja, sauti nzito ya watu walioondolewa shida. Andati akavaa kofia. Alikuwa ameshindwa, na hakuonyesha.

Musimbi alinyoa vizuri, huo ndio ukweli. Hakumkata popote. Alikuwa anasema peke yake huku akinyoa, nywele nzuri namna hii, kaka yangu alijua kuchagua, na kila kishungi kilichoanguka mkekani kilikuwa kinapewa Osundwa kama zawadi nyingine. Rosebella aliziangalia zikikusanywa kwenye jani la mgomba. Alidhani atalia. Badala yake alihisi baridi kichwani, na hasira iliyokuwa imekaa vizuri, haina haraka ya kwenda popote.

"Wa pili," Musimbi akaita.

Nanjala akaja. Alipiga magoti mkekani, na kabla Musimbi hajamgusa aliinua mikono yote miwili, akashika zile nywele ndefu kwenye masikio, akazivua kama mtu anavyovua kofia.

Watoto walipiga yowe wakakimbia. Chini ya lile wigi kulikuwa na kichwa kidogo, cha kusikitisha. Katikati mlikuwa na nywele fupi zilizokatika katika, lakini mbele na pande zote mbili hapakuwa na kitu. Ngozi tupu, imekaza, inang'aa kama sahani iliyooshwa. Kwa hesabu ya haraka, na Rosebella hakuweza kujizuia kuipiga, kile kichwa kilikuwa kibaya kuliko chake cha zamani.

"Hii nywele," Musimbi akaanza, akasita, akatafuta mahali pa kuweka wembe, "hii nywele ililala na nani?"

"Ililala na marehemu," Nanjala akasema. Naye akataja ukweli.

*

Baadaye, watu wakiwa wanapakuliwa chakula, Rosebella alikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni, akamkuta Nanjala amekaa juu ya kinu kilicholazwa, wigi limekunjwa mapajani kama paka.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Nenda ukale, ingokho inaisha, utakuta mifupa ya kuku tu."

"Nitaenda." Hakuinuka. "Nilijua hujasema kweli pale. Sikutaka kusema kitu."

"Ulinyamaza kwa ajili yangu?"

"Nilinyamaza kwa sababu sina nguvu ya kusema. Mimi hata shamba sina, ningepata nini?" Alisugua paji la uso. "Alikuwa ananitisha na wewe, unajua. Kila siku. Usije ukawa kama yule mama kule nyumbani. Na zangu zilikuwa zinatoka, nikaficha. Nilikuwa nalalanga na hii kitu. Nikigeuka inageuka, nashika. Hakuwahi kuniona. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniona kichwa."

Rosebella alikuwa amebeba kuni mbili mkononi. Alizishusha.

"Na wewe nilikuona," Nanjala akasema. "Malava, ile siku ya mvua kubwa. Ulisimama kwenye baraza la duka la mbolea, ukavua kitambaa ukakikamua. Nikaona nywele zimejaa. Niliogopa, Mama. Niliogopa mpaka nikasahau nilichokwenda kununua."

"Ukamwambia."

"Hapana. Yeye ndiye aliuliza. Tulikuwa tunakula. Akasema, huyo Mama Selpher, watu wanasemanga siku hizi haonekani bila kitambaa, eti kuna dawa anapaka ya kuponya kichwa. Wewe umewahi kumwona? Nikamwambia nimekuona." Alipapasa lile wigi mapajani. "Nikamwambia ndiyo kimeharibika kabisa."

Kule mbele ya nyumba mtu alikuwa anaomba kuongezewa mboga.

"Aliuliza kwa jina hilo?" Rosebella akasema. "Mama Selpher?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anacheka?"

Nanjala alifikiri, kwa uaminifu, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kama angejibu haraka. "Hapana. Aliacha kula kidogo. Halafu akaendelea."

Rosebella aliegemea ukuta wa jiko, matope yaliyokauka yakamchoma kisogoni mahali palipokuwa bado hapajazoea hewa. Kwa hiyo alikuwa ameuliza. Alikuwa ameacha kula kidogo. Katika kile kitambo kifupi, baina ya tonge na tonge, pengine palikuwa na mtu anayeweza kupanda pikipiki, akaja, akaketi, akaomba maji. Pengine hapakuwa na kitu. Hatajua tena, na huyu msichana ndiye aliyefunga ule mlango kwa neno moja, bila hata kuinuka kwenye sahani.

"Mama," Nanjala akasema, "ile dawa. Mimi naomba unisaidie. Nitafuata chochote."

Rosebella alimsogelea. Akamshika kichwa, akakigeuza kwenye mwanga, na Nanjala akatulia kama mtoto anayetafutwa mwiba. Akapitisha kidole kwenye paji la uso, akarudi, akapitisha pande mbili. Alikuwa amejifunza ngozi ya kichwa kwa kichwa chake mwenyewe. Mahali palipokuwa na vitundu vidogo, hata kama ni patupu, mzizi ulikuwa hai na ile bluu iliuamsha. Lakini yeye alikuwa na doa moja juu ya sikio la kushoto, laini kama ndani ya kikombe, na doa lile alilipaka kuliko sehemu zote, na halikuota hata unyoya. Ngozi ya Nanjala mbele yote ilikuwa hivyo. Gundi ya wigi na kukazwa na usiku wa kulala nayo vilikuwa vimekwisha kuifunga.

Angeweza kusema, jaribu. Ni neno dogo, tena halina uongo mkubwa. Angeweza kumtuma kwa Selpher dukani akanunue tumaini la miezi.

"Hizi hazitaota," akasema.

"Hata nikipaka sana?"

"Hata ukiogelea ndani. Hapa mizizi imekufa, Nanjala. Ile kitu inaamsha aliyelala. Aliyekufa haimjui."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo mtu angeitumia kumwonyesha mgeni njia. Lilikuwa ukweli mtupu, na hakuna daktari ambaye angembishia. Ila lilipotoka, Rosebella alihisi lilivyomwacha na ladha nzuri kinywani, akajua kwamba wema haukuwamo.

Nanjala aliinamisha kile kichwa kilichonyolewa juu ya lile wigi, akaanza kulia. Alianza chini chini, kisha kilio kikapata njia, kikapanda, kikawa kile kilio cha kweli kinachomtingisha mtu mabega na kumkosesha pumzi. Wakati wote wa mazishi hapakuwa na aliyelia namna hiyo, si Musimbi, si Selpher, wala Rosebella.

Mlangoni pa jiko wanawake waliokuwa wanaosha sahani walisimama wakasikiliza. Mmoja akajifuta jicho kwa kiwiko.

"Mnaona," akawaambia wenzake, "huyu ndiye alimpenda Osundwa. Wengine tumekuja kula tu."

Wakamtazama Rosebella, kichwa kitupu, macho makavu. Yeye akainama, akaokota kuni zake mbili, akapita katikati yao kwenda kuchochea moto.